Doa Kando ya Pua ya Kapteni

Jumatatu, 1 Machi 1819. Rouen.
Mungu yupo! Leo mjane Quesnel ameniletea picha ya marehemu mumewe, kapteni wa meli. Picha ndogo, inaenea kiganjani, rangi za maji juu ya kipande chembamba cha pembe ya ndovu. Kazi ya marehemu mwalimu wangu! Kioo chake kimepasuka. Anataka kioo kipya tu, Jumamosi. Nikaahidi kuisafisha pia, bure. Nina sababu. Bibi Quesnel ana mabinti watatu wa kuozwa, na picha ya kila mmoja lazima itangulie kwa mchumba. Akiridhika, nitawachora mimi. Asiporidhika, atavuka barabara kwa Pélagie Coudrin, mchoraji mwenzangu, mwenye mkono mwepesi wa brashi na wateja wengi kupita kiasi. Nami nitarudi Dieppe kwa shemeji yangu kuchora nguruwe kwenye vibao vya mabucha. Baada ya maisha mazima ya kuchora nyuso, nguruwe!

Jumanne, 2 Machi.
Nimekwisha. Kando ya pua ya kapteni palikuwa na doa jeusi. Kinyesi cha nzi, nikasema. Nikatia kidole mdomoni, nikafuta. Doa likatoka. Pua nayo ikatoka. Mwalimu alikuwa akitupiga rula za vidole kwa jambo hili hili: mate na rangi ya maji havikai pamoja. Nikajaribu kusawazisha shavu. Shavu likaenda. Sasa kapteni ana nywele, koti la buluu, vifungo vya dhahabu, na katikati pembe tupu. Chakula hakipiti. Ni samaki wa chumvi wa Kwaresima, lakini hata angekuwa bata asingepita.

Jumatano, 3 Machi.
Nimefunga pazia. Nimezunguka mjini kuulizia sura ya kapteni kijanjajanja. Muuza samaki anasema alikuwa na pua ndefu. Kinyozi anasema fupi. Padri anasema sura si kitu, kitu ni roho. Nikajipa moyo nikamwuliza mjane mwenyewe marehemu alikuwaje. Akasema alikuwa na uso wa mtu mwema. Sasa huo unachorwaje? Njiani Pélagie akanisimamisha, akauliza pazia la mchana la nini. Akasema kama kuna shida nivuke, hatanicheka. Nikajibu sina shida. Afadhali nguruwe.

Alhamisi, 4 Machi.
Mfa maji haachi kutapatapa. Nimetundika kioo cha kujitazamia ukutani, nikachora uso uliokuwa karibu. Wangu. Nimepunguza kidevu, nimeongeza ushujaa machoni. Kusema kweli kapteni amependeza. Lakini naogopa. Kila hatua ngazini nadhani ni mjane.

Jumamosi, 6 Machi.
Alikuja. Akaishika picha, akatazama, akatazama tena. Jasho lilinitoka mpaka soksini. Nikageukia dirishani ili asinione uso, maana alikuwa ameushika mkononi.
“Chunjua yake iko wapi?” akauliza.
Nikamwuliza chunjua gani.
“Hapa, kando ya pua. Uso wenyewe umeshanitoka, Bwana Anselme, miaka mingi sasa. Hiyo chunjua ndiyo niliyokuwa naibusu kila nikienda kulala.”
Ningeweza kusema kweli. Badala yake nikamwambia kwamba chunjua nyingine, miaka ikipita, hupona zenyewe. Hata za kwenye picha. Alilia kidogo, akaifunga picha katika leso, akavuka barabara.
Nilichungulia penye pazia. Pélagie aliitazama picha, kisha akalitazama dirisha langu, muda mrefu sana. Ameujua uso! Nikajiona tayari Dieppe. Lakini hakusema neno. Akachovya brashi, akagusa mara moja tu kando ya pua. Mjane akaibusu pale pale.
Mabinti watatu wameshakwenda kwa Pélagie. Ila nijifariji: kuanzia leo Bibi Quesnel atalala akibusu pua yangu.

Jumapili, 7 Machi.
Pélagie alinishika baada ya misa.
“Nimenyamaza kwa ajili ya yule mama, si kwa ajili yako,” akasema. “Njoo kwangu ukate pembe na kutia vioo. Rangi usiguse.”
Nilitaka kukataa kwa heshima. Nikawakumbuka nguruwe, nikakubali kwa heshima.

Jumatatu, 15 Machi.
Wiki nzima bila kosa! Binti mkubwa wa Quesnel alikaa kuchorwa siku nne, akilalamika kwamba shingo inamuuma. Picha imekamilika. Kesho inakwenda Nantes kwa mchumba, na familia nzima roho juu. Pélagie ametoka kununua mkate, kaniachia nitie kioo. Nzuri, sikatai. Ila kidevuni kuna kidoa cheusi, kidogo sana. Hakukiona, maskini. Alinisitiri mbele ya mjane, nami si mtu wa kusahau fadhila. Nitamtolea kabla hajarudi, hatajua hata nani kamsaidia. Kidole nimeshakilowesha.