Brayo na Chumvi ya Ng'ombe wa Nanjala

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbukia kwa Nanjala, mahali ambapo nilikuwa nimeapa sitawahi kupata aibu.

Nanjala ni mke wa ndugu ya bwanangu. Yeye anaishi Ndalu karibu na mama mkwe wetu, Kukhu. Mimi niko Kitale, nauza chipo, yaani viazi vya kukaanga. Huyo mwanamke namwonea wivu mpaka napata kiungulia. (Haya, nimesema.) Watoto wake ni wembamba, lakini ndio wanashinda mbio, ndio wako mbele darasani, na Kukhu akianza kuwasifu chai inapoa. Mtoto wangu Brayo yeye husifiwa hivi: "Huyu naye ameshiba."

Leo Kukhu alituita chakula cha mchana kwa Nanjala. Nikasema leo ndio leo. Nikabeba chipo, soseji na soda kubwa, nikamvalisha Brayo shati mpya. (Kifungo cha tumbo kiligoma, tukakiacha.)

Nanjala alikuwa amepika ugali, dagaa wa omena, na mboga ya sagaa iliyolala kwa maziwa. Nikasukuma sufuria yake kando, nikapanga vyangu mbele.

"Brayo hajazoea hizi majani," nikasema. "Akitaka chipo anapata. Akitaka soda anapata. Mimi mtoto simnyimi kitu."

Kukhu akamwangalia Brayo. "Na mbona anahema hivyo, na ametoka tu kwa geti?"

"Ni shibe, Kukhu."

(Juzi mwalimu aliniambia Brayo analala darasani. Hata yeye nilimwambia ni shibe.)

Nanjala akaendelea kupakulia watoto wake ugali. Huo utulivu wake ulinichoma, nikaongeza: "Si kila mtu analea watoto kama sungura, bana." Bwanangu akaangalia viatu vyake.

Wakati wa kuondoka Kukhu akataka kuwaombea wajukuu wote. Brayo hayuko. Tukaita, kimya. Tukatoka kumtafuta: mimi, Kukhu, Nanjala, bwanangu, na majirani waliokuwa wamekuja kusalimia tu.

Tukampata kwa boma ya ng'ombe. Nanjala amefunga pale ile chumvi ngumu ya madini, inaning'inia kwa kamba. Ng'ombe alikuwa analamba upande mmoja. Brayo wangu, na shati yake mpya, alikuwa analamba ule mwingine. Macho amefunga. Walikuwa wanapeana nafasi kama watu wamezoeana.

"Brayo! Unafanya nini hapo?"

Akageuka pole pole, akapanguza mdomo. "Mama, hii ni tamu kuliko ukuta yetu."

Jirani mmoja akauliza, "Ati ukuta gani?"

"Ya jikoni," Brayo akasema. "Pale nyuma ya mlango rangi imetoka. Huwa nalamba nikitoka shule."

Ardhi ya Ndalu ni laini, lakini ilikataa kunimeza. Majirani walicheka mpaka wakashika fensi. Bwanangu pia alicheka. (Tutaongea.)

Nanjala peke yake hakucheka. Afadhali angecheka. Alimshika Brayo kidevu, akamgeuza kwa mwanga, akamvuta ngozi chini ya jicho. Ndani kulikuwa kweupe.

"Mama Brayo, huyu hana damu," akasema pole pole. "Mpeleke kesho wampime."

"Na vile amenona?"

"Mafuta si damu. Anaweza kuwa mnene na bado mwili unatafuta madini kwa ukuta."

Nilikuwa naona tu ule mlango wa jikoni, na mtoto wangu nyuma yake na ulimi, na mimi nje nageuza chipo nikijisifu. Nilitaka kulia. Nanjala akanifungia sagaa na omena kwa gazeti, akaniwekea kwa mkono.

Sasa niko Kitale, sagaa iko kwa moto, kesho asubuhi tunaenda kliniki. Watoto wa Nanjala nimeacha kuwaonea wivu. Sasa namwonea ng'ombe wake, maana yeye alinunuliwa madini kabla hajaanza kulamba ukuta.

Kama lazima mcheke, chekeni chini chini. Brayo amelala, na huo ukuta nyuma ya mlango nimeuziba na gunia ya viazi.