Unyevu wa Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimemficha fundi jambo. Daktari anasema moyo wangu unasuasua, basi naliandika kabla sijaondoka nalo. Unyevu wa sakafu ya jikoni hautoki ardhini. Unatoka kwangu.

Fundi ameshabandua vigae vya zamani, akakwangua gundi, akasawazisha saruji. Juzi akabandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote kwa utepe. Chini yake kusipotoa jasho, sakafu imekauka: anaweka mbao, anaondoka. Nikaliwaza hilo la kuondoka. Alfajiri ya leo nikapiga magoti, nikainua kona, nikamimina maji kikombe kimoja. Kusimama tena kulinichukua robo saa. Fundi akashangaa, akasema tusubiri. Tukanywa chai, tukapiga soga mpaka saa sita. Ushindi!

Jumatano, 5 Machi

Vikombe viwili. Fundi akasema nyumba za zamani zina mambo. Nikamuunga mkono. Jirani, mwalimu mstaafu kama mimi, akachungulia juu ya ukuta, akamuuliza fundi ataanza lini kumjengea baraza lake. Ana watoto watatu wanaomtembelea, na bado anamtaka fundi wangu! Nikamjibu kwamba huku kwangu hali ni mbaya. Binti yangu akapiga simu kuuliza jiko limefikia wapi. Polepole, nikasema. Akasema sawa, Baba, akakata.

Ijumaa, 7 Machi

Bomba kavu. Nikatumia chai iliyobaki kwenye birika.

Fundi akabandua nailoni, akachutama kitambo. Mimi nikatazama dirishani kana kwamba kuna kitu.

"Mzee wangu," akasema, "maji ya ardhini hayana majani ya chai."

Nikasema nyumba za zamani zina mambo.

Hakucheka. Akapangusa, akasema mbao anaweka kesho. Na nikitaka mtu wa kuzungumza naye nimpigie, atapita akitoka kazini. "Hata kama hakuna kilichoharibika."

Jumapili, 9 Machi

Mbao zimekaa sawasawa. Nasikia hatua zangu mwenyewe. Nimeshika simu mara nne, nikaiweka. Mara ya tano nikampigia, nikamwambia sakafu ya chumbani nayo imeanza kutoa unyevu. Akasema kesho atakuja na nailoni. Nimeshajaza birika. Maji matupu safari hii.

Niandike na hili, liishe. Nina miaka themanini na mmoja, nimemzika mke, nimefundisha mamia ya watu kuandika barua, na sijawahi kumwambia mtu yeyote: njoo tu, niko peke yangu.