Kikombe cha Bomba la Sokoni

Lauvsund, 14 Machi 1909

Kwa Mheshimiwa Daktari Prebensen,
Mwenyekiti wa Kamati ya Afya

Mheshimiwa Daktari,

Baada ya kukutakia heri wewe na mama watoto, mimi Eilert Kvamme, fundi mapipa, naleta malalamiko yangu kwa unyenyekevu, ingawa nina hasira.

1. Jumatatu iliyopita muuguzi wenu, Dada Gudveig, alikuja sokoni na tupa, akakata mnyororo wa kikombe cha bati kilichoning'inia bombani tangu enzi za baba yangu. Mji mzima tumekinywea: wavuvi, mchungaji, hata farasi wa posta siku za joto. Eti kinaeneza dondakoo na kifua kikuu.

2. Nilimweleza kwa adabu kwamba nimekinywea miaka arobaini na sijapata hata mafua. Akanijibu mbele ya wanawake wauza samaki, "Wewe hujambo, Mzee Kvamme. Waulize waliokunywa baada yako." Wanawake wale walicheka mpaka ndoo zikawaponyoka. Naomba kamati ichunguze kama kicheko nacho hakiambukizi.

3. Tukinyamaza kwa kikombe, kesho mtakataza kupeana mikono, na keshokutwa bwana harusi atambusu bibi harusi kwa barua. Mji usioshiriki mate ni mji wa watu wasiojuana.

Kwa hiyo jana nilitundika kikombe kipya, kikubwa zaidi, kwa mnyororo wa meli. Naomba pia Dada Gudveig ahamishiwe mji wenye wagonjwa.

Wasalimie wajumbe wote, na mkeo, na yule mbwa wenu anayechechemea.

Wako mtiifu,
Eilert Kvamme

Nyongeza, 20 Machi: Barua hii ilibaki mezani, kwa kuwa Jumanne mjukuu wangu Sunniva, aliyekinywea kikombe kipya mara baada yangu, alishindwa kumeza, na kooni mwake mkaota utando wa kijivu. Dada Gudveig alikuja na sindano ya dawa, akakaa kando ya kitanda siku tatu, na kikombe hakukitaja hata mara moja. Afadhali angekitaja. Leo asubuhi mtoto ameomba uji, akamaliza bakuli mbili. Kikombe nimekiondoa. Dada Gudveig msimhamishe. Barua naituma kama ilivyo, ili kamati imjue mtu niliyekuwa wiki iliyopita.