Bonyeza Moja Kukubali

Jumatatu, 16 Juni

Balaa! Madamu Gahongayire, mkuu wa kituo chetu cha kisomo, ametangaza kwamba mipango ya wanafunzi inahamia mtandaoni. Kila mwanafunzi na mpango wake: anataka kujifunza nini, na kwa nini. Mwisho Ijumaa. Darasa litakalokosa mipango litaunganishwa na la mwalimu Wairimu. Nikauliza, na mwalimu wake je? Akasema mwalimu wake atatafuta pa kwenda.

Pa kwenda ni Muleba, kwa mama, ambaye ameshatangazia kanisa zima kwamba mwanawe Geoffrey ni profesa Kigali. Sirudi ng'o!

Tatizo dogo: mipango sina. Tangu Januari nilitakiwa kukaa na kila mtu mzima wa darasa langu, mmoja mmoja, nimuulize anataka nini. Nimekuwa nikiwaambia kesho. Ni Wanyarwanda waliokulia Karagwe na Ngara. Kiswahili wanakiongea kwa namna yao, bila kukwama, ila kusoma ndiyo kwanza tunapigana na silabi. Nilidhani hawana haraka.

Wairimu, Mkenya wa darasa la jirani, ya kwake ameshaiweka yote. Kapita mlangoni akaniuliza, kwa huruma ya kinafiki, kama nataka kusaidiwa. Nimemwambia nilimaliza zamani.

Jumatano, 18 Juni

Mimi kichwa! Madamu alisoma kwa masista, na kila chai ya saa nne analia kwamba Kifaransa kinakufa Kigali. Basi nimetunga lengo moja tamu: "Ataandika barua kwa Kifaransa fasaha." Nikanakili, nikabandika kwa wote. Chai haijapoa, kazi imekwisha.

Mfumo ukamtumia kila mmoja ujumbe kwenye simu: soma mpango wako, bonyeza moja kukubali. Kusoma hawawezi. Moja wanaijua, wanaibonyeza kila siku wakitumiana hela. Wote wamekubali! Madamu kanisifu mbele ya Wairimu. Wairimu kanuna. Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwisha. Mama Pudentienne, muuza vitenge wa soko la Kimironko, kampelekea mtu simu yake amsomee ule ujumbe. Mtu gani? Wairimu! Naye kausoma kwa sauti, nje, darasa langu lote likisikiliza.

Nilitegemea kelele. Wangenifokea ningejua la kufanya. Badala yake wameingia, wamekaa wima, daftari wazi. Mzee Gakwaya, seremala wa Gisozi, akasimama akasema wameshabonyeza, kwa hiyo sasa iko umuhigo: ahadi uliyoitoa mbele ya watu, na mbele ya watu utaulizwa. Wakwe zake ameshawaambia. Akauliza Kifaransa kinaanza saa ngapi.

Mimi Kifaransa najua bonjour. Na hiyo yenyewe naikosea.

Nikawabembeleza wabonyeze mbili, kukataa. Mzee Gakwaya akaniangalia kama mbao iliyopinda. Akasema yeye iko mtu mzima, umuhigo haurudishwi.

Halafu Madamu kaleta habari mbaya zaidi, huku akitabasamu. Amefurahi mno, amemwalika mkaguzi, Bwana Karangwa, Alhamisi aje aone barua zenyewe. Nikiumbuka Alhamisi, darasa linakwenda kwa Wairimu na mimi nakwenda Muleba.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepata dawa! Illuminée, fundi cherehani wa Kimironko, ametoka Bukavu, Kifaransa kinamtiririka. Nimemwomba anitamkie mwanzo wa barua ya heshima kwa mkuu wa kituo. Akasema sawa, ngoja kidogo. Alikuwa na mteja ndani ya gauni, na pini mdomoni. Nikawasha simu irekodi, nikaiacha kwenye meza yake, nikaenda kuchagua parachichi.

Nyumbani nimesikiliza. Maneno mengi! Nimechagua sentensi yenye Madame mara mbili, kaitamka kwa upole wa ajabu. Hiyo ndiyo barua. Nimeiandika kama nilivyoisikia, jioni nikaiweka ubaoni. Darasa zima limenakili, ulimi nje. Mama Pudentienne peke yake aliniuliza inasemaje. Nikamwambia ni salamu za kikubwa, hazitafsiriki.

Kaniuliza pia kama lile jambo lake tutalifanya lini. Lipi tena? Nimemwambia kesho.

Alhamisi, 26 Juni

Bwana Karangwa kaja. Mpole, naye alikulia Ngara. Madamu kavaa suti mpya iliyombana, kifungo cha katikati kiko vitani. Wairimu kajileta, eti kujifunza. Mzee Gakwaya akatoka mbele na zawadi: ile sentensi ameichonga kwenye ubao wa msonobari, kaupiga na vanishi! Akampa Madamu kwa mikono miwili.

Madamu akasoma kwa midomo. Akasoma tena. Uso ukabadilika. Bwana Karangwa akamwomba atafsiri. Akatafsiri, neno kwa neno: "Vuta tumbo ndani, Mama, vuta vizuri, Mama, zipu haipandi."

Halafu Wairimu. Kile kicheko sitakisahau mpaka kaburini.

Bwana Karangwa hakucheka. Akamuuliza Mama Pudentienne Kifaransa anakitaka cha nini. Akajibu kwamba hicho ni cha mwalimu. Yeye tangu Januari anaomba jambo moja: dada yake Mutesi yuko Karagwe, masikio yameziba, akipigiwa simu hasikii kitu. Anayo macho tu. Anataka kumwandikia. Mwalimu anasema kesho.

Kisha akaenda ubaoni bila kuambiwa. Chaki ilimvunjikia. Akaandika polepole: DADA MIMI MUZIMA. WEWE JE. Nilikuwa sijui kama anaweza. Mzee Gakwaya akavua kofia.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, mpaka macho yakaniuma. Muleba niliiona hiyo hapo, na mama mlangoni.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepona! Bwana Karangwa kaniachia darasa, kwa masharti mawili. Kwanza, leo nikae na wanafunzi mmoja mmoja, niwaulize. Pili, mwalimu naye awe na mpango wake kwenye mfumo, aulizwe na mwenzake, na usomwe mbele ya wakazi kesho Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi, tukishaweka majembe chini.

Sharti la kwanza nimetimiza. Nimekaa nao. Wote kwa pamoja, kuokoa muda, anayetaka kuandika anyooshe mkono. Mama Pudentienne hakunyoosha. Alikuwa anaandika.

Kwa sharti la pili Wairimu kaja na kiti chake na maswali chungu nzima. Nani ana muda? Nimemwambia aandike chochote kinachomfaa mtu wa kiwango changu. Akaniuliza kama nina hakika. Nina hakika! Akatabasamu vizuri sana, kumbe dada wa watu hana kinyongo.

Ujumbe umenikuta Remera, mshikaki mkononi. Mrefu kama ibada. Nimebonyeza moja.

Baadaye Mzee Gakwaya kapiga simu kunipongeza. Anasema Wairimu ameshawasomea umuhigo wangu, ni mzito, mwanaume kweli, na wakwe zake wote wanakuja kesho kunisikia. Kaniaga kwa Kifaransa, sijui kwa nini. Nimemwambia niko tayari.