Uzinduzi wa Kituo cha Ustawi Kamili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule aliyealikwa kupata udhuru, waheshimiwa viongozi wa dini, kamati ya maandalizi na kamati ndogo ya kuisimamia kamati ya maandalizi, wazee wetu, shikamooni (Marahaba!), kinamama wa kata yetu ya Magomeni, vijana wa bodaboda, na ninyi mliotoka Zombo na Malolo kwa miguu, jambo ambalo kwa afya ni zuri sana: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Ndugu wananchi, ustawi kamili, ambao sisi wataalamu tunauita welnesi, si kutokuumwa kichwa tu, bali ni mchakato mtambuka unaoshirikisha mwili, akili, roho, usingizi, mboga za majani na wadau wengine, na ndiyo maana mimi, Mratibu Mkuu Deogratias, nilijifungia na timu yangu wiki nzima hotelini Mikumi, tukawatazama twiga wanavyokula bila haraka, tukajiridhisha pasipo shaka kwamba twiga hana stresi. (Sauti: “Twiga halimi!” Kicheko.) Maoni hayo yatachakatwa.

Takwimu zetu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wakazi wa wilaya hii wana furaha, na asilimia mbili zilizobaki hazikukutwa nyumbani. Kwa hiyo naelekeza kila kaya ilale mapema, iache mawazo, na inywe maji mengi safi. (Sauti: “Bomba limekauka!”) Nimesema maji, sikusema bomba. Na wewe mama wa kitenge cha njano, mbona umesimama? Haya, mpeni kipaza sauti, tusije tukaambiwa hatuko shirikishi.

(Mama: “Shikamoo, mheshimiwa. Naitwa Hildegarda, natoka Zombo. Huyu ni mume wangu, Kasian. Masika iliyopita mafuriko yalimchukua mdogo wake, Herman, mbele ya macho yake. Toka siku hiyo halali, shambani haendi, haongei na mtu. Jana jioni nikasikia redioni kwamba hapa kuna mtaalamu wa kuongea naye. Nimemleta. Naomba unionyeshe huyo mtaalamu.”)

Marahaba, mama, na hongera kwa kuwa mnufaika wetu wa kwanza. Makofi! (Hakuna anayepiga.) Mtaalamu yupo, tena yupo ndani ya mkakati wa awamu ya pili, itakayofuata upembuzi yakinifu wa awamu ya kwanza. Kwa sasa, Bwana Kasian, vuta pumzi, itoe, tabasamu. Mpiga picha, sogea. Tabasamu, baba.

(Kasian, taratibu: “Mkono wake ulikuwa na matope. Uliteleza. Watu wanasema nilimwachia. Sikumwachia.”)

Mnaona! Aliyekuwa haongei ameongea, tena kwa kipaza sauti cha mradi! Katibu, andika: mafanikio, asilimia mia moja! (Bibi mmoja anavuta kiti chake hadi kwa Kasian: “Sema, mwanangu. Hakuna anayekulaumu hapa.” Wengine wanamfuata na viti vyao.)

Ndugu wananchi, naona mnanigeuzia migongo. Hiyo ndiyo tiba ya vikundi tuliyoikusudia, ingawa kwenye ratiba ilikuwa baada ya chakula cha meza kuu. Ila namwomba Bwana Kasian asilie karibu na kipaza sauti, anaingilia hotuba. (Hildegarda anakizima kipaza sauti, anakiweka chini, anamshika mumewe begani.)

Basi nitapaza sauti mwenyewe. Nikisema “Ustawi”, mjibu “Kamili”! Ustawi! (Viti vingine vinavutwa kwa Kasian.) Ustawi! (Katibu, peke yake: “Kamili!”) Akili timamu! (Katibu anakohoa.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru Bwana Yared kwa kutuazima ghala lake la ufuta, ambalo mlango wake tumeufunga utepe na ambao sasa anataka tuufungue, wateja wake wanasubiri. Nawashukuru waliotuazima hema. Na zaidi nawashukuru ninyi kwa kujitokeza kwa wingi kuzindua kituo ambacho kiwanja chake hakijatafutwa, mtaalamu wake hajaajiriwa, na ambacho, kusema kweli, tulikianzisha jana, siku ya mwisho kule hotelini, tulipokuwa tunatafuta kitu cha kuzindua. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wanamsikiliza Kasian.)