Injini Inayong'aa

Jumanne, 3 Septemba
Baba mkwe ametangaza: gari lake la zamani atampa anayejua kulitunza. Ama mimi, ama shemeji yangu, mwanawe wa kumzaa, fundi wa magari. Jumamosi nimpeleke mama mkwe harusini, na neno lake ndilo litakaloamua. Fundi! Mikono yenyewe haijui sabuni. Leo nimeisugua injini kwa mswaki mpaka inang'aa. Ili vumbi lisiichafue, nimefunga gunia mbele ya rejeta. Akili ni mali.

Jumatano, 4 Septemba
Nimelijaribu mpaka sokoni na kurudi. Mshale wa joto umepanda hadi kwenye nyekundu. Ajabu! Maji ya kupoza injini yamejaa tele kwenye rejeta. Mke wangu anasema nimwite kaka yake. Labda nife kwanza. Ndani ya gari kuna kijitabu chenye ukurasa mzima kuhusu injini kuchemka. Nimeusoma nusu: likizidi joto njiani, washa hita ya kupasha joto ndani ya gari, itapunguza moto wa injini. Inatosha. Ukurasa nimeuchana nikafutia kijiti cha kupimia oili, nikautupa nyuma ya kiti. Oili ni safi. Ugonjwa haupo hapo.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimebadilisha thamostati. Mshale juu. Nimekaza mkanda wa feni. Mshale juu! Shemeji amepita, akauliza kama kuna tatizo. Nimemwambia tatizo ni maswali yake. Akataka afungue boneti achungulie tu. Nikaikalia. Ilikuwa ya moto. Sikushuka.

Jumamosi, 7 Septemba
Aibu iliyoje! Mama mkwe kiti cha nyuma, kapendeza, kilemba juu, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Katikati ya safari mshale ukagusa nyekundu. Nikawasha hita mpaka mwisho. Akauliza kwa upole kama nimeamua kumchoma. Nikasema ni kiyoyozi, huwa kinaanza hivyo. Kilemba kikalegea. Wanja ukamfika kidevuni. Halafu mvuke, puu! Tukasimama.

Shemeji alikuwa nyuma yetu, tena anatabasamu. Kabla hajatufikia, mama mkwe akaokota karatasi yenye oili miguuni pake ili ajipepee. Akaisoma kwa sauti: hakikisha hakuna kitu kilichoziba mbele ya rejeta. Akashuka mwenyewe, akachungulia, akalichomoa gunia, akanikabidhi. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Harusi tumeikuta watu wanakunja viti.

Jumapili, 8 Septemba
Gari kapewa shemeji. Roho inaniuma, sitaficha. Mke wangu kanituma nikamwombe kaka yake radhi, nimekwenda. Gari liko uani, boneti wazi, mwenyewe yuko ndani ya nyumba anakula. Nimechungulia kidogo. Bomba linaloingiza hewa kwenye injini liko wazi kabisa, vumbi linajipitia tu! Na eti huyu ndiye fundi. Mimi sina kinyongo. Nimevua soksi moja, nikaisokomeza humo mpaka ndani. Imeenea barabara. Kesho gari likiwaka vizuri, watajua wenyewe walimnyima nani.