Nilivyoikataa Maktaba ya Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Bosi amenikabidhi kazi ya maana. Mfumo wa hospitali yetu utavuta orodha ya damu kutoka benki ya damu kwa mtandao. Wao wanatuma kwa XML: kila taarifa imekaa katikati ya alama mbili, ya kufungulia na ya kufungia. Nichague maktaba ya kuisoma, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na wengine. Mezani nimemweleza mama mkwe. Akauliza kama maktaba yenyewe ina viti vya kutosha. Nimemsamehe.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima maktaba nne. Ya kwanza nzito mno. Ya pili mwenyewe kaitelekeza miaka sita. Ya tatu, maelezo yake hayaeleweki hata kwa aliyeyaandika. Ya nne inajisomea alama zote yenyewe, hata zikibadilishwa umbo, haina kasoro. Ila imependekezwa na Miwani, jirani yangu wa meza. Mimi nimfuate Miwani? Thubutu. Naandika yangu.

Jumatano, 5 Machi
Imekwisha. Mistari thelathini na minane! Inatafuta alama ya chupa za damu, inakata namba iliyofuata, basi. Bosi kaikubali, imewashwa. Miwani akauliza itakuwaje benki wakibadilisha alama. Nikamwambia kijicho hakijengi nyumba.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tatu asubuhi kapiga simu muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji. Skrini inasema hakuna damu. Ya kundi lolote. Kuna mama yuko tayari kupasuliwa, na daktari kasimamisha kazi. Kumbe benki wameongeza herufi mbili mbele ya kila alama. Programu yangu ikatafuta, haikuona kitu, ikaandika sifuri bila haya.

Muuguzi hakufoka. Alisema taratibu, “Mwanangu, nimewapigia benki mwenyewe. Wana chupa mia mbili na kumi. Mgonjwa wangu anangoja skrini yako.”

Miwani akavuta kiti, akaiweka maktaba ya nne. Dakika ishirini, damu yote ikaonekana. Yule mama kapasuliwa salama. Jioni nikaenda wodini kuhakikisha. Nilisimama mlangoni, nikamwona anakunywa maji. Sikuingia.

Jumatatu, 10 Machi
Bosi kamsifu Miwani mbele ya watu. Nikapiga makofi kama mtu mzima. Lakini tuseme kweli: nani alifichua kwamba benki wanabadilisha alama kimyakimya? Programu yangu. Bila sifuri ile tungeishi gizani. Nimemfafanulia bosi. Akanitazama kwa muda mrefu, nadhani kwa heshima.

Sasa inatakiwa maktaba ya kusoma tarehe za damu kuharibika. Miwani anayo, imejaribiwa na maelfu ya watu. Nimemwambia bosi asijisumbue. Tarehe ni nini? Siku, mwezi, mwaka. Nimeshafika nusu, na inapendeza. Februari, na siku zake zinazobadilika, nitaishughulikia baadaye.